Barua Inasubiriwa

Usiku ule pasi haikupoa. Nguo za wateja zilikwisha tangu jioni: mashuka ya nyumba ya wageni yamekunjwa, sare za wahudumu wa zahanati zimetundikwa, suruali ya karani wa benki imetiwa mstari unaoweza kukata mkate. Hata hivyo Mama Pasi aliendelea kusimama mezani, sasa akinyoosha vitambaa vya kukaushia vyombo, kazi ambayo haina mteja wala shukrani. Simu aliilaza juu ya rundo la taulo, kioo kikitazama juu, ili aione hata akiinama.

"Hicho kitambaa kimekukosea nini?" mumewe akauliza kutoka kwenye kochi. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa kulala popote panapotosha kichwa, lakini usiku ule naye usingizi ulimpaa.

"Kimejikunja."

"Na wewe umejikunja. Mbona hujipigi pasi?"

Akakigeuza kitambaa upande wa pili. Kesho yake, baada ya ibada, kanisa lingekaa kikao kuamua kama yeye, dobi wa mtaa, mwanamke aliyeishia darasa la sita, awe shemasi au asiwe. Lakini kikao hakiwezi hata kulitaja jina lake bila barua moja. Barua hiyo ilikuwa mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi. Aliyekwenda kuifuata ni mdogo wake, fundi bomba, na simu ya fundi bomba ilikuwa haipatikani tangu alasiri.

Aliutaka ushemasi ule. Kwa watu alikuwa akisema, "Mapenzi ya Bwana yatimizwe," akiinamisha macho kama inavyopasa, lakini moyoni aliutaka kama mtoto anavyotaka viatu vipya. Na alikuwa na sababu. Mashemasi wote watano wa kanisa lao walikuwa wanaume, watu wema, ila mwanaume gani ataingia wodi ya wazazi akae ukingoni mwa kitanda cha mwanamke aliyepoteza mtoto? Miezi minne nyuma msichana mmoja wa kwaya alilazwa humo, na Mama Pasi akaenda kumwona nje ya saa za wageni. Nje ya saa hizo huruhusiwa viongozi wa dini tu, basi mlinzi wa geti la hospitali alimwuliza, "Wewe ni nani katika kanisa?" Akajibu ukweli: "Mimi ni dobi." Mlinzi akacheka kwa adabu, akamrudisha. Msichana yule alilia siku tatu peke yake. Tangu siku ile akina mama wa kanisa walisema basi, jina litakalopelekwa ni la Mama Pasi.

Wangeweza kulipeleka kwa sababu mwaka uliotangulia kanisa lilikaa vikao viwili virefu likakubali wanawake nao wachaguliwe. Kanisa la Kibaptisti la ng'ambo ya mto lilijadili jambo hilohilo likakataa, na hakuna aliyekwenda kuliamuru libadilike. Hao ndio Wabaptisti. Kila kanisa linajitawala.

Mambo yaliharibika Jumatano.

Katibu wa kanisa alikuwa binti mwenye kibanda cha fotokopi karibu na stendi. Wiki ile alikuwa akiyahamisha majina ya washirika kutoka daftari la zamani kwenda kwenye kompyuta, ili siku ya kura pasiwe na ubishi kuhusu nani ana haki ya kunyoosha mkono. Alifika kwa Mama Pasi akiwa amelikumbatia daftari lile kama mtoto mwenye homa.

"Mama, kaa kwanza."

"Miaka ishirini na miwili nafanya kazi nimesimama, nitakaa leo? Sema."

Binti alifungua ukurasa. Kila jina lilikuwa na safu inayoeleza mtu aliingiaje: wengine kwa ubatizo, wengine kwa barua. Mbele ya jina la Mama Pasi, kwa kalamu ya risasi iliyofifia kama moshi, paliandikwa maneno mawili: *Barua inasubiriwa.*

Alisoma taratibu, kidole chini ya kila herufi, kama alivyozoea. Kisha akasoma tena.

Alikuja katika mji ule akiwa bibi harusi. Kwao alibatizwa akiwa na miaka kumi na saba, akazamishwa mzima mzima mtoni, na mtu aliyebatizwa hivyo harudiwi. Kinachotakiwa ni kanisa alilotoka liandike kwamba limemwachilia kwa amani, na kanisa jipya limpokee kwa kura. Yeye alidhani wazee wataandikiana. Wazee walidhani ataileta mwenyewe. Kila upande ukangoja, kama watu wawili mlangoni, huyu akimwambia yule tangulia, na yule akisema la, tangulia wewe. Miaka ikapita juu yao.

Na miaka yenyewe si kwamba aliilala. Aliwafundisha watoto shule ya Jumapili. Alifua kanzu za ubatizo, zote kumi na nne, kila baada ya ubatizo, akazitia wanga kidogo tu zisije zikaelea majini na kumwaibisha mtu. Alishiriki Meza ya Bwana. Binti yake wa kwanza alibatizwa hapo. Na alipiga kura. Alinyoosha mkono kumwita mchungaji waliye naye sasa. Alinyoosha mkono siku ya kuchagua rangi ya bati, na bati la kijani lilipita kwa kura moja.

"Ina maana," binti katibu alisema polepole, "bati letu..."

"Nyamaza kabisa," Mama Pasi akamwambia. "Usije ukawaambia watu wa bati jekundu."

Jioni ileile alikwenda kwa mchungaji, akiwa bado na harufu ya wanga mikononi. Mchungaji alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, anayejibu polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mchungaji, mimi nimezeeka humu. Chukua kalamu ya wino uandike tu. Nani atajua?"

"Siwezi, mama."

"Wewe si ndiye mkubwa?"

"Mimi ninahubiri, ninabatiza, ninaongoza kikao. Lakini siku ya kura nina mkono mmoja kama wewe." Akasita. "Kama wewe ulivyokuwa nao. Na fikiri kidogo. Nikiweza kukuingiza mimi peke yangu kwa kalamu, kesho naweza kukutoa mimi peke yangu kwa kifutio. Unataka kanisa la namna hiyo?"

Hakulitaka. Lakini kwa jioni ile moja angelivumilia.

Mchungaji alipiga simu kwenye kanisa la zamani akiwa amemkalisha hapohapo. Mchungaji wa kule akajibu vilevile: hawezi kuandika barua ya kanisa bila kanisa. Ila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, angewaita washirika wakae. Fundi bomba akajitolea kwenda kuileta, maana picha ya simu isingetosha. Kuna mtu katika kanisa ambaye angetaka karatasi yenyewe, na mhuri wake. Kila mtu alijua ni nani.

"Mimi siwaelewi nyinyi," mumewe alisema sasa kutoka kwenye kochi, kana kwamba mawazo yake yalikuwa yanapita barabara hiyohiyo. "Kwa nini msimpigie mkubwa wa wachungaji wote, amalize mambo?"

"Hatuna."

"Hamna askofu?"

"Hatuna."

"Kampuni yetu ina lori tatu tu, na ina meneja, na meneja msaidizi, na mtu wa kumwangalia meneja msaidizi. Nyinyi mna nani?"

"Bwana wetu Yesu ndiye kichwa. Sisi washirika tunakaa, tunaomba, tunanyoosha mikono."

"Na mkikosea?"

"Tunakaa tena."

Mume alitafakari. Yeye alikuwa mtu wa kanisani mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili alikaa karibu na mlango. "Miaka yote hii unaniambia mimi ni mtu wa nje," akasema. "Kumbe tuko nje wote wawili. Sogea basi, tugawane kochi."

Alitaka kukasirika ila akacheka, na ndipo simu ilipolia.

Haikuwa namba ya fundi bomba. Aliikamata kwa mkono uliokuwa na kitambaa. Ndani yake kelele nyingi, kama stendi, kisha sauti ya mdogo wake ikija na kupotea.

"Dada? Dada, unanisikia? Simu yangu imekufa, nimeazima hii. Sikiliza. Wamekufuta."

"Nini?"

"Kwenye daftari lao. Wamekufuta. Walikufuta zamani. Sasa mimi..."

Ikakatika. Alipiga tena, na akajibiwa na mwanamke asiyemjua, aliyesema huyo kaka kashashuka, au kapanda, yeye hajui, na chaji yake ni kidogo.

Mama Pasi aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu jioni, aliketi.

"Amesema nini?" mume akauliza.

"Sipo," akasema. "Huku sipo, na kule sipo."

Mume aliinuka, akachomoa waya wa pasi ukutani. Hakutania tena usiku ule.

Kulipokucha, wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mwalimu. Alikuwa amestaafu ualimu lakini si tabia zake. Alikuwa na nakala ya katiba ya kanisa mfukoni kama wengine wanavyobeba kitambulisho. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita, na Mama Pasi alikuwa wa kwanza kujua jinsi nyumba ile ilivyokuwa tupu, maana mashati ya Mwalimu yalianza kuletwa kwake yakiwa na vifungo vilivyofungwa kombo. Mtu hujulikana kwa kola yake. Mama Pasi alijua nani kaacha kazi, nani kaanza kunywa, nani analala kitanda kimoja na nani halali, na hakumwambia yeyote.

Alimpa shati lake jeupe, limenyooshwa tangu juzi. Mwalimu hakuondoka.

"Mama Pasi, nimekuja mapema kwa makusudi. Leo nitakupinga."

Mwalimu aliliweka pazia la mlango vizuri mahali pake, ingawa lilikuwa sawa.

"Nimeona nikwambie uso kwa uso, usije ukayasikia kwa watu. Ibara ya kumi na moja. Shemasi awe mshirika kwa muda usiopungua miaka mitatu. Barua ikija leo, utakuwa mshirika wa leo. Saa moja si miaka mitatu."

Hilo hakulijua. Usiku kucha alihofia mto mmoja, kumbe nyuma yake kuna mwingine.

"Mwalimu," akasema, "daftari lile, enzi zile, katibu alikuwa nani?"

Uso wa Mwalimu ulibadilika kidogo, kama kitambaa kinapoguswa na maji. "Nilikuwa mimi," akasema. "Kalamu ya risasi ile ni yangu. Na hilo pia nitalisema kikaoni."

Akalichukua shati, akalibeba kwa mikono miwili ili lisikunjike, akaenda zake.

"Huyo mzee ana moyo gani?" mume akauliza nyuma ya pazia.

"Mnyoofu," alisema Mama Pasi kwa uchungu. "Ndiyo shida yake."

Ibada ilianza bila barua. Kwaya iliimba bila barua. Mama Pasi alikaa safu ya tatu pembeni ya binti yake, muuguzi, ambaye alimshika mkono na kumwambia, "Mama, pumua." Mumewe naye alikuja, Jumapili ambayo si ya mara zake mbili, akakaa karibu na mlango. Mchungaji alihubiri, na Mama Pasi, Mungu amsamehe, hakusikia hata neno. Alihesabu madirisha. Alihesabu vichwa: huyu ataninyooshea, huyu hapana, huyu anafuata mkewe.

Walipokuwa katikati ya wimbo wa mwisho, mlango mkubwa ulisukumwa, na fundi bomba akaingia na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Hakukaa. Alipita katikati ya mabenchi moja kwa moja, akampa dada yake bahasha ya khaki iliyopinda kidogo kwa jasho, kisha akainama sikioni mwake huku watu wakiimba.

"Mbona ulikata simu?" dada akamwahi.

"Sikukata, mwenye simu alishuka. Dada, sikiliza. Walikufuta miaka kumi na tisa iliyopita kwa kutoonekana. Wakasema, mtu asiyekuwepo hatuwezi kumwachilia. Nikaona mambo yameisha. Akasimama bibi mmoja wa kwaya, mzee kweli, akasema, namkumbuka binti yule, alikuwa anaimba vibaya lakini anawahi."

"Nani aliimba vibaya?"

"Mimi ninasema alivyosema. Basi wakapiga kura kukurudisha. Mikono yote. Halafu wakapiga kura nyingine kukuachilia kwa amani. Umekuwa mshirika wao dakika nne."

Aliifungua bahasha kwenye mapaja. Mwandiko wa mkono, tarehe ya jana, saini mbili, mhuri wa zambarau. *Tunamwachilia dada yetu kwa amani, tukilipongeza kanisa litakalompata.* Alisoma taratibu na herufi zikaanza kuogelea.

Ibada ikafungwa. Mchungaji akatangaza kwamba kikao kinaanza, na wasio washirika wanaombwa watoke kwa upendo. Ni desturi yao: anayejadiliwa hutoka pia, ili watu waseme bila kumtazama usoni. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo chenye kanzu za ubatizo, viti vibovu na ngoma iliyopasuka. Mama Pasi akaingia humo, na mumewe akamfuata, maana na yeye hakuwa na haki ya kukaa kikaoni. Fundi bomba alikuwa amelala tayari nje, chini ya dirisha, kofia usoni. Mlango ukafungwa.

Ukuta ulikuwa wa mbao. Sauti zilipita, maneno mengine yakabaki upande wa pili.

"Kaa," mume akanong'ona.

"Shh."

Alimsikia binti katibu akiisoma barua. Alisikia mtu akicheka, na sauti ya fundi seremala, shemasi wa siku nyingi: "Mchungaji, swali kabla ya kura. Hizo kura alizopiga miaka yote, bati letu je? Tuling'oe?" Kanisa zima likapasuka kicheko. Mtu wa bati jekundu, maana wapo mpaka leo, akasema yeye yuko tayari na ngazi anayo. Mchungaji alingoja wanyamaze.

"Wanaompokea dada yetu kwa barua, mikono juu."

Mvumo wa nguo, mikono mingi ikipanda kwa pamoja. Mlango ukafunguliwa na binti katibu akiwa anatabasamu mpaka masikioni. "Mama, njoo upokelewe."

Wakampa mkono wa ushirika mmoja mmoja, foleni nzima, watu aliowajua tangu wakiwa watoto mgongoni, wakimwambia "Karibu kanisani" kwa nyuso za kujizuia kucheka. Msichana wa kwaya, yule wa wodini, hakucheka. Alimshika mikono yote miwili na hakuiachia mpaka mtu wa nyuma alipokohoa. Mwalimu alifika zamu yake, shati jeupe, akampa mkono mkavu na imara. "Karibu," akasema. "Nilichelewa kukuandika."

Hakupata muda wa kufurahi. Ajenda ya pili ilikuwa yeye tena. Akarudi chumbani, na mlango ukafungwa tena.

"Umeingia, umetoka," mume alisema. "Hata lori langu halipaki hivyo."

Safari hii hakumnyamazisha. Alikuwa ameshika kanzu moja ya ubatizo iliyotundikwa, anaipapasa pindo bila kujua.

Alimsikia fundi seremala akilitaja jina lake kwa niaba ya akina mama. Alimsikia mtu akiunga mkono. Kisha kiti kikasukumwa, na sauti ya Mwalimu, ile iliyofundisha kuhesabu nusu ya mji, ikaja wazi kama imesimama ndani ya chumba.

"Ndugu zangu. Kosa la daftari ni langu. Niliandika kwa risasi nikisubiri, nikasahau kwamba ninasubiri. Ninaliomba kanisa msamaha. Lakini kosa langu lisitufanye tufanye kosa la pili. Ibara ya kumi na moja inasema miaka mitatu. Dada huyu anastahili, sibishi. Lakini leo tukiipindisha sheria kwa mtu tunayempenda, kesho mtu tusiyempenda atakuja na sheria iliyokwisha kupindika."

Mama Pasi aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Ubaya wa jambo ni kwamba mzee alikuwa na hoja. Kama si yeye anayejadiliwa, angenyoosha mkono upande wake.

Ndipo ikasikika sauti ambayo hakuitegemea, nyembamba, inayotetemeka: msichana wa kwaya, ambaye hajawahi kusema neno kikaoni.

"Mimi naomba Mwalimu aisome ibara yote. Asiishie kati."

Minong'ono. Mama Pasi alihisi mumewe amemshika kiwiko. Karatasi zikachakarishwa.

"Ni haki yake," alisema Mwalimu. "Nitaisoma. 'Shemasi awe mshirika wa kanisa hili kwa muda usiopungua miaka mitatu, isipokuwa pale kanisa, likiwa limekaa kikao halali, litakapoamua vinginevyo kwa theluthi mbili ya waliohudhuria.'" Akakohoa. "Nilisaidia kuiandika. Nilisoma kipande kinachonipa haki nikaruka kinachowapa nyinyi haki. Sikufanya vizuri. Lakini msimamo wangu uko palepale."

Mchungaji akauliza waliohudhuria ni wangapi. Binti katibu akasema sitini na sita. Theluthi mbili ni arobaini na nne. Mtu mmoja alisema mikono hiyo ni mingi. Mwingine akasema ndiyo maana ikaandikwa hivyo. Mchungaji hakusema upande wake. Aliomba sala fupi, kisha akawataka wanaokubali wanyooshe mikono na kuishikilia juu, wasiishushe mapema kama mwaka jana, hata ikabidi kuhesabu mara tatu.

Mvumo wa nguo ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza. Mama Pasi aliusikia vizuri. Masikio yanayojua uzito wa kitambaa kwa mlio wake hayadanganyiki: mikono hii ilikuwa michache.

"Ngapi?" mume akanong'ona.

"Sijui."

"Kwa kukisia."

"Nyamaza, baba watoto, nakuomba."

Hatua za binti katibu zikapita kati ya mabenchi, zikiendelea, zikisimama, zikiendelea. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini. Alifika nyuma ya kanisa, akarudi. Mtu aliuliza kitu, akajibiwa kwa kunyamazishwa. Kisha akahesabu tena, kutoka nyuma kuja mbele, na safari hii Mama Pasi alizifuata hatua zile kwa midomo, moja, mbili, tatu, akapotea kwenye ishirini, akajikuta ameshika mkono wa mumewe kwa nguvu kiasi kwamba dereva yule, mwenye viganja vya usukani, aliguna.

"Ukiukosa," mume alisema kwa sauti aliyoitumia zamani walipokuwa wachumba, "bado utakwenda wodini. Nitakupeleka kwa lori. Nitampigia mlinzi honi mpaka afungue."

Mikono ikaombwa ishuke. Wanaopinga wakaombwa wanyooshe ya kwao. Mvumo mwingine, mfupi. Kisha sauti tatu zikisemezana mbele kwa chini sana, mchungaji, katibu na mtu wa tatu. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeimba. Alisikia viatu vizito vikija upande wa chumba, si vya binti katibu. Vilikuwa vya mzee, vinavyoweka kisigino kwanza.

Vikasimama nje ya mlango. Mama Pasi akaiachia kanzu.

Kitasa kikazunguka. Alikuwa Mwalimu, karatasi mkononi, macho yake mekundu kidogo, amesimama wima kama mbele ya darasa.

"Arobaini na tano," akasema. "Mimi si mmoja wao. Nimenyoosha mkono wa kupinga, na ningenyoosha tena. Lakini kanisa limesema, na nimeliomba mimi ndiye nije kukufungulia."

Akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta, akausimamia kwa mgongo wake ili usirudi.

"Ingia, Shemasi."